Si mtoto wa papa: papa mdogo atembeaye na ndugu yake potwe

Mwalimu wa baiolojia kutoka Mafia ameniuliza hivi: "Wanafunzi wangu wameona video ya papa mdogo anayetambaa juu ya matumbawe kwa mapezi, maji yakiwa yamekupwa. Wamegawanyika. Wengine wanasema si papa, ni namna ya mjusi wa baharini. Wengine wanasema ni mtoto wa papa. Jirani yangu mvuvi anasema hata hapa kwetu wapo, amewahi kumtoa mmoja kwenye dema. Naomba unieleze: ni papa kweli? Ni mtoto au ni mkubwa? Wanasayansi wanamweka kundi gani, na nikimwona nitamtambuaje?"

Mwalimu, nimefurahi kupata swali hili, na nimefurahi zaidi kwamba limetoka Mafia, maana sehemu kubwa ya jibu lake huogelea mbele ya Kilindoni kila mwaka kuanzia mwezi wa kumi hadi wa tatu. Nitafika huko. Kwa kifupi: ndiyo, ni papa kamili. La, si mtoto. Na jirani yako sidhani kama anakosea kwamba alimtoa papa mdogo kwenye dema, yaani mtego wa samaki, ila naamini aliyemtoa ni mwingine, tena ni adimu kuliko huyo wa kwenye video.

Nianze na umri, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Pwani tumezoea kumpima papa kwa urefu: aliyejaa mtumbwi ni mkubwa, anayeingia kwenye kikapu ni mtoto. Kipimo hicho kinafaa sokoni lakini hakitwambii umri. Papa mwamba mwenye ncha nyeusi kwenye mapezi, yule anayeonekana kwenye maji mafupi, huzaliwa akiwa na nusu mita au pungufu kidogo. Papa mwenye kichwa cha nyundo huzaliwa na urefu wa karibu huohuo. Hao wakinaswa wakiwa na sentimita 50 ni vichanga kabisa. Yule wa kwenye video, akiwa na sentimita 60, ameshakomaa na huenda ana mayai tumboni. Wawili hao ukiwalaza kwenye beseni moja watalingana urefu, lakini mmoja ametoka kuzaliwa jana na mwingine angeweza kuwa mama yake.

Ili kujua yupi ni yupi, mgeuze samaki chali. Kichanga wa papa anayezaa ana kovu la kitovu katikati ya mapezi ya kifuani, jembamba kama mkato wa wembe, nalo huziba kadiri anavyokua. Kisha tazama mapezi ya tumboni. Dume ana viungo viwili vya uzazi kama vidole, kimoja kila upande. Kwa mtoto ni vifupi na laini, havivuki ukingo wa pezi. Kwa dume aliyekomaa ni virefu, na ukivibonyeza ni vigumu, kwa kuwa gegedu lake limeshajaa chokaa. Wanafunzi wako wakijua hili tu, hawatamwita tena papa mdogo mtoto bila kumgeuza kwanza.

Sasa kundi lake. Huyo wa kwenye video, kwa jinsi ulivyomweleza, ni wa jenasi Hemiscyllium, familia Hemiscylliidae, oda Orectolobiformes, ndani ya ngeli ya samaki wa gegedu. Kiswahili hakijampa jina lililokubalika kote, basi nitamwita papa atembeaye. Familia yake ina jenasi mbili tu. Ya pili ni Chiloscyllium, na wanaouza samaki wa mapambo huwaita hao kwa jina la mwanzi kwa sababu wengi wana mistari ya kukata mwili kama vifundo vya mwanzi. Nitawaita papa mwanzi.

Majina haya ya kisayansi yana maana, na nadhani wanafunzi wakiyafungua hayatawatisha tena. "Scyllium" linatokana na neno la Kigiriki la papa wadogo wa chini ya bahari. "Hemi" ni nusu. "Chilo" ni mdomo. Kwa hiyo mmoja ni papa nusu na mwingine ni papa mdomo, na kweli papa mwanzi ana mkunjo wa ngozi kwenye kidevu, nyuma ya mdomo wa chini, ambao mwenzake hana.

Oda yao ndiyo inayonifanya nikupende wewe wa Mafia. Orectolobiformes ina familia saba, na spishi zipatazo 45. Wengi wao hulala chini, wana madoa na mabaka, na Wazungu wamewaita papa wa zulia. Humo wamo wale wapana wenye ndevu za nyama kuzunguka mdomo wanaopatikana hasa Australia. Humo yumo papa wa milia ambaye akiwa mdogo ana mistari kama ya punda milia, kisha akikua mistari inavunjika ikawa madoa. Humo wamo wale wa hudhurungi wanaolala mapangoni mchana. Na humo, katika familia yake peke yake, yumo potwe.

Ndiyo, potwe wenu. Samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayevuka mita 12, ni ndugu wa samaki anayeenea kwenye sinia. Rhincodon typus alielezwa kisayansi mwaka 1828 na daktari Andrew Smith kutokana na samaki aliyepatikana Table Bay, Afrika Kusini, na kwa muda mrefu wanasayansi walibishana wamweke wapi, kwa sababu ukubwa wake uliwapoteza kama udogo wa papa atembeaye unavyowapoteza wanafunzi wako. Ukubwa ukiuondoa machoni, uso unabaki. Na uso ni mmoja.

Utazame hivi. Papa wa kawaida, yule mwenye sifa ya kutisha, ana mdomo mrefu uliopinda kama mwezi, na pembe zake zinafika chini ya macho au nyuma yake. Kwa oda hii mdomo wote uko mbele ya macho. Ni mfupi, umekaa kama mstari ulionyooka. Puani, upande wa ndani, kuna masharubu mawili, na kutoka kila pua kuna mfereji unaoteremka hadi mdomoni. Mgongoni kuna mapezi mawili yasiyo na miiba, chini kuna pezi la mkunduni, na kila upande wa shingo kuna mipasuo mitano ya matamvua. Papa atembeaye ana hivyo vyote. Potwe pia anavyo, ingawa masharubu yake yamebaki kama vijipele na mdomo umepanuka ukawa mlango mbele ya kichwa. Hata huo mlango uko mbele ya macho. Siku nyingine ukiwapeleka wanafunzi kwenye boti kumwona potwe, waambie waache kutazama madoa, watafute jicho na mdomo.

Undugu huo unaonekana hata kwenye uzazi. Papa atembeaye hutaga. Mwaka 1995 potwe jike mwenye mimba alinaswa Taiwan, na tumboni mwake mkakutwa viinitete vipatavyo 300, baadhi vikiwa bado ndani ya maganda ya mayai. Potwe naye ana mayai yenye maganda, ila yeye hayatoi nje. Huanguliwa ndani ya mwili wake, kisha huzaa. Mmoja anayaweka kwenye ufa wa mwamba, mwingine anayabeba.

Turudi kwa wadogo wetu, maana hapa ndipo penye utamu.

Mwili wa familia Hemiscylliidae ni mwembamba, mviringo, na umerefuka upande wa nyuma kupita kawaida. Ukipima kutoka ncha ya pua hadi kloaka, yaani tundu la haja na uzazi, kisha kutoka kloaka hadi ncha ya mkia, kipande cha nyuma kinazidi cha mbele kwa mbali. Huo ndio urefu unaomfanya apinde kama mjusi anapotembea, kwa hiyo waliosema mjusi hawakuwa vipofu. Mapezi mawili ya mgongoni yanakaribia kulingana na yamekaa nyuma. Pezi la mkunduni ni refu, la chini-chini, limesogea nyuma kabisa mpaka linagusana na pezi la mkia, na kati yao kuna kijipengo tu. Pezi la mkia lenyewe limelala, halina tawi la chini kama la papa waogeleaji wa mbali. Chini ya kila jicho kuna tundu kubwa la pumzi, ambalo humwezesha kuingiza maji hata pua ikiwa imefukiwa kwenye mchanga.

Jicho hilo na tundu hilo yakumbuke, tutayahitaji kwa ajili ya jirani yako.

Kati ya jenasi hizo mbili tofauti si ngumu. Papa atembeaye ana pua karibu kabisa na ncha ya uso, na mdomo uko karibu na ncha kuliko jicho. Macho yake yameinuka juu ya kichwa kama ya chura. Ubavuni, nyuma ya kichwa, ana doa kubwa jeusi, na kwa baadhi ya spishi limezungukwa na duara jeupe. Papa mwanzi ana mdomo uliosogea kuelekea macho, macho hayakuinuka, na doa hilo hana. Spishi mashuhuri kuliko zote za papa atembeaye, Hemiscyllium ocellatum, lilipewa jina na Mfaransa Pierre Joseph Bonnaterre mwaka 1788, na "ocellatum" maana yake ni mwenye kijicho. Ukimtazama kutoka juu, madoa hayo mawili yanafanana na macho ya mnyama mkubwa zaidi, na wataalamu wengi wanaona kwamba kazi yake ni kumdanganya adui.

Rangi, hata hivyo, usiitegemee peke yake. Chiloscyllium punctatum akitoka kwenye yai ana mistari myeusi na myeupe iliyokolea, mtu angeapa kwamba ni spishi nyingine kabisa. Akikua mistari inafifia mpaka anabaki wa hudhurungi mtupu. Nimeona picha za kichanga na mzazi wake zikiwekwa pamoja na watu wasiamini. Ndiyo maana tunashika maumbo kwanza: mdomo uko wapi, tundu la pumzi lina ukubwa gani, pezi la mkunduni limekaa wapi. Rangi inakuja mwisho, kama ushahidi wa kuongezea.

Kuhusu kutembea kwenyewe. Mapezi yake ya kifuani na ya tumboni ni mapana, ya mviringo, yenye misuli minene kwenye shina, na gegedu za ndani zimepangwa kwa namna inayoruhusu pezi kuzunguka. Anatanguliza pezi la kulia la mbele pamoja na la kushoto la nyuma, kisha anabadilisha, huku mwili ukijipinda kushoto na kulia. Wanyama wa nchi kavu wa miguu minne hutembea vivyo hivyo. Haina maana kwamba yeye ni babu wa wanyama hao. Hapana, ukoo wao na wetu uliachana zamani mno. Ni kwamba kazi moja imezaa mwendo mmoja.

Na kwa nini atembee? Wewe unayekaa kisiwani hutahitaji maelezo marefu. Wakati wa bamvua mwamba hubaki wazi, maji hubaki kwenye vidimbwi, na ndani ya vidimbwi kuna kaa na minyoo iliyokwama. Akina mama wa pwani wanalijua hilo, ndiyo maana huteremka na vikapu saa hizo. Papa atembeaye naye huteremka. Utafiti uliofanyika Heron Island, kusini mwa Great Barrier Reef ya Australia, ulionyesha kwamba chakula chake karibu chote ni minyoo ya baharini na kaa, wachanga wakipendelea minyoo na wakubwa wakizidi kula kaa. Huchomeka uso mchangani, akavuta, kisha mchanga akautoa kupitia matamvua. Maji yakikauka kidimbwini, hutembea hadi kingine.

Lakini kidimbwi cha usiku ni mahali pa hatari. Mchana mwani hutengeneza oksijeni. Usiku hakuna jua, na matumbawe, mwani, konokono na samaki wote huendelea kuvuta oksijeni ileile iliyofungiwa humo. Ikifika usiku wa manane maji yanakuwa hayafai. Samaki wengi hufa. Huyu hafi. Katika majaribio ya wanasayansi wa Australia, alikaa zaidi ya saa tatu kwenye maji yenye asilimia 5 tu ya oksijeni ya kawaida bila kuonyesha madhara, na anaweza kuvumilia hata muda wa kama saa moja bila oksijeni kabisa, tena katika maji ya joto ya kitropiki ambamo mwili hudai oksijeni nyingi. Ubongo wa binadamu ukikosa oksijeni kwa dakika chache huharibika. Wa papa huyu hupunguza shughuli zake wenyewe: moyo unapiga polepole, shinikizo la damu linashuka, sehemu za ubongo zinapunguza kazi, na damu iliyopo inaendelea kufika kichwani. Madaktari wamevutiwa na jambo hilo kwa sababu ya wagonjwa wa kiharusi na wa moyo. Mimi limenivutia kwa sababu nyingine: ni mnyama tuliyemdharau kwa udogo, na amelitatua tatizo ambalo miili yetu imeshindwa.

Mayai yake hutoka mawili mawili, kila moja kwenye ganda la hudhurungi lenye nyuzi za kushikilia. Kiinitete hukaa humo kwa miezi minne hivi, kikitoka kina kama sentimita 15. Mwaka 2021 watafiti walilea mayai ya H. ocellatum kwenye joto la nyuzi 27, 29 na 31. Ya nyuzi 31 yalianguliwa karibu siku 25 mapema, na vichanga vilikuwa vidogo na vimechoka zaidi. Bahari inayopata joto inamfikia hata huyu anayevumilia kila kitu.

Na papa mwanzi wana kisa chao cha yai ambacho siwezi kukiacha. Kiinitete cha C. punctatum kikishakua kiasi, ganda hufunguka matundu ili maji mapya yaingie, na hapo harufu yake na mapigo yake madogo ya umeme yanaweza kunaswa na adui. Mwaka 2013 watafiti wa University of Western Australia walipitisha karibu na mayai hayo umeme hafifu unaofanana na wa samaki mla nyama. Viinitete vilikunja mkia, vikanyamaza, vikaacha hata kupumua kwa muda. Havijaanguliwa bado, na tayari vinajua kujificha. Mwaka 2015 ilitangazwa pia habari ya jike wa spishi hiyohiyo aliyekaa bila dume kwa miezi 45, kisha yai lake likaanguliwa, na vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba mtoto alikuwa na baba. Mama alikuwa ameihifadhi mbegu muda wote huo.

Sasa idadi na mahali. Papa watembeao wanaotambuliwa ni spishi tisa, na wote wanaishi eneo moja: kaskazini na mashariki mwa Australia, kisiwa cha Guinea Mpya, na visiwa vya mashariki mwa Indonesia. H. freycineti wa Raja Ampat, H. galei wa ghuba ya Cenderawasih, H. halmahera aliyeelezwa mwaka 2013, na wengineo, karibu kila mmoja amejifungia kwenye kipande chake cha mwambao. Sababu ni mwendo wao. Hawavuki maji ya kina kirefu, na mayai yao hayaelei yakachukuliwa na mkondo kama ya samaki wengine. Mlango mmoja wa bahari unatosha kuwatenga ndugu mpaka wakawa spishi mbili. Utafiti wa vinasaba ulioongozwa na Christine Dudgeon wa University of Queensland, uliotoka mwaka 2020, ulikadiria kwamba jenasi hii ilianza kujitenga miaka milioni 9 iliyopita, jambo linalowafanya kuwa miongoni mwa papa wapya kabisa duniani. Kwa papa, milioni 9 ni jana. (Jina la galei, kwa taarifa, lilitokana na mnada uliofanyika Monaco mwaka 2007, ambapo haki ya kuwapa majina samaki wapya iliuzwa ili kupata fedha za kuhifadhi bahari ile. Wapo wenzangu wasiopenda utaratibu huo. Mimi naona fedha ilikwenda mahali pazuri.)

Papa mwanzi ni spishi saba au nane, kutegemea nani anahesabu, na wameenea zaidi: kutoka Ghuba ya Uajemi na Uhindi hadi Japani na Australia. Ndugu zetu wanaosoma haya wakiwa Maskati au Dubai wana mmoja wa kwao hasa, Chiloscyllium arabicum, wa hudhurungi yenye uchungwa, hana doa wala mstari akikomaa, urefu wake sentimita 70 na ushei, na anapatikana Ghubani, Bahari ya Oman, Pakistani na magharibi mwa Uhindi. Upande wetu kuna mmoja aliyeelezwa na Pellegrin mwaka 1914 kutoka Madagaska, mwenye madoa ya samawati, na hata huyo wapo wanaomtilia shaka kama ni spishi yake peke yake au ni ndugu wa Asia aliyezidiwa na majina.

Sasa uone tatizo la jirani yako. Papa atembeaye wa karibu zaidi yuko ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, na papa mwanzi si samaki wa mwambao wa Tanzania. Basi kwenye dema aliingia nani?

Nadhani ni huyu: Pseudoginglymostoma brevicaudatum. Ni papa mfupi wa hudhurungi, hazidi sentimita 75, wa oda ileile, familia ya jirani. Anaishi kwenye matumbawe ya maji mafupi ya Kenya, Tanzania na Madagaska. Huyu ni wetu kwelikweli, kwa kuwa aliyemweleza kwanza, Albert Günther, alimwandika miaka ya 1860 katika kazi ya samaki wa Zanzibar, na samaki aliyemtumia alitoka huko. "Brevicaudatum" ni mkia mfupi. Hutaga mayai kama papa mwanzi, na kwa haraka mtu humdhania ni yeye. Hata katika matangi ya maonyesho amewahi kuchanganywa.

Namna ya kuwatenganisha ndiyo hii. Tundu la pumzi la papa mwanzi na papa atembeaye ni kubwa, unaliona ukiwa umesimama. La mkia mfupi ni dogo kama tobo la sindano nyuma ya jicho, itabidi uiname ulitafute. Pezi lake la mkunduni si ukanda mrefu uliolala. Lina umbo la mviringo, karibu na ukubwa wa yale mawili ya mgongoni, kwa hiyo ukimtazama ubavuni unaona mapezi matatu yanayofanana. Na pezi la mkia halifiki sehemu moja ya tano ya urefu wake wote. Hiyo moja ya tano inakusaidia pia kumtenga na ndugu yake mkubwa wa pwani hii, Nebrius ferrugineus, anayefika mita tatu. Mtoto wa Nebrius naye ni wa hudhurungi, naye ana masharubu, lakini mkia wake unapita robo ya urefu na mapezi yake yana kona kali. Masharubu yake ni marefu pia, ya mkia mfupi ni vijinyama tu.

Papa wadogo wa maji ya kina kirefu ambao nyavu za mbali huwaleta mara nyingine, wale wenye macho kama ya paka, msiwachanganye na hawa. Hao ni oda nyingine, ndugu wa papa mwamba. Mdomo wao unapita chini ya macho, na hilo linatosha.

Nilisema huyu wa mkia mfupi ni adimu. Orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini imemweka daraja la hatari kubwa kabisa, hatua moja kabla ya kutoweka porini. Makazi yake ni membamba: matumbawe ya maji mafupi ya pwani chache, palepale panapovuliwa kila siku kwa nyavu na madema, na ambapo kwa miaka mingi baruti ilivunja miamba. Haliwi sana, nyama yake ni kidogo, mara nyingi hunaswa tu kwa kuwa alikuwepo. Kinachonipa moyo ni dema. Dema halimuui. Akitolewa akiwa hai akarudishwa majini ataishi, kwa sababu samaki wa namna hii, tofauti na papa wa mbioni, hupumua akiwa ametulia na havunjiki moyo kwa kukaa kidogo ndani ya mtego.

Kwa hiyo ombi langu kwa jirani yako ni la dakika tatu. Akimpata tena, amwache kwenye maji ndani ya mtumbwi, aweke kando yake fimbo au kamba aliyoipima, na apige picha nne kwa simu. Ya kwanza iwe ya jicho kwa karibu, tulione tundu la pumzi. Ya pili ubavuni mwili mzima, mapezi yote yaonekane. Ya tatu ya uso kutoka chini, mdomo na masharubu. Ya nne ya mapezi ya tumboni, tujue ni dume au jike na kama amekomaa. Aandike tarehe, jina la mwamba na kina cha maji, kisha amrudishe. Picha hizo zipelekwe kwa wahifadhi wa hifadhi ya bahari ya Mafia au TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, na nakala moja ibaki darasani kwako. Kumbukumbu za papa huyu zenye mahali na kipimo ni chache mno, na yake itahesabiwa.

Wanafunzi wako nao wana kazi ndogo ya kufanya kabla ya hapo. Wachoree ubaoni vichwa viwili kwa ubavu, kimoja cha papa mwamba, kingine cha potwe, bila kuandika vipimo. Waulize ni kipi kinachofanana na cha yule wa kwenye video.